Inchi Moja Chini ya Kwapa

Kwa miaka miwili Zilpa alitumwa makaa. Mvua inyeshe, jua liwake, malori yawe yamepanga foleni mpaka darajani, kila alipomaliza kukata koti na kuweka makasi mezani, Fundi Olinga aliitupia jicho pasi yake ya chuma na kusema, "Zilpa, makaa inaisha. Nenda letea mimi karai moja kwa yule mama wa stesheni." Naye Zilpa alijifunga leso kiunoni, akachukua karai, akaenda. Stesheni haikuwa karibu. Akirudi alikuta Olinga ameinama mezani anakata mikono ya koti, miwani imemshuka puani, na pasi inatoa moshi vizuri tu. Zilpa hakuwahi kuifunua kuona kama kweli makaa yalikuwa yameisha. Kwa nini aifunue?

Duka hilo lilikuwa Malaba, upande wa Kenya, likitazamana na uwanja wa malori. Olinga alikuwa Mteso wa Amagoro, mfupi, mwenye sauti ya upole, na kazi aliipata Tororo kwa fundi mmoja Mgoa kabla Wahindi hawajafukuzwa huko. Koti lake lilijulikana pande zote mbili za mpaka. Na miaka hiyo ya kahawa ya magendo wateja walikuwa wengi ajabu: wanaume waliovuka kutoka Uganda wakiwa na matope magotini, wakasimama mbele ya kioo chake na kusema, "Ssebo, bwana fundi, nishonee koti mtu akiniona aniamkie." Olinga aliwapima akiwa anacheka, akaandika namba kwenye karatasi ya sukari.

Zilpa alifika kwake mwaka wa sabini na tatu akitokea Nambale, mjane wa miaka ishirini na minne, kuku mwekundu chini ya kwapa. Ndivyo mtu alivyoingia kazini siku hizo: hakuna barua wala mkataba, unaleta kuku, fundi anampokea, basi wewe ni wake. Mwaka wa kwanza alifagia na kushona vifungo. Mwaka wa pili akakalishwa kwenye cherehani. Mwaka wa tatu, kwa sababu oda zilikuwa zimemshinda, Olinga alimpa makasi. Na Zilpa hakumchukulia kama tajiri wa kazi tu. Baba yake, mzee Wesonga, alipofariki, Olinga alifunga duka siku mbili nzima, akafika Nambale na gunia la unga begani, akalia makaburini kama mtoto wa nyumba. Tangu siku hiyo Zilpa aliacha kumwita Mzee. Alimwita Baba.

Somo la kukata lilikuwa fupi. "Sikiliza," Olinga alimwambia, akichora kwa chaki. "Unapima kifua. Unagawa kwa nne. Unatoa inchi moja. Ukishuka hivyo kutoka begani, hapo ndipo kwapa inaishia. Usiandike popote. Weka kichwani."

Zilpa aliweka kichwani. Kifua gawa kwa nne, toa inchi moja. Aliisema njiani, aliisema akisonga ugali, na nina hakika aliwahi kuisema kanisani wakati wengine wanaungama. Kila alipofika pale kwapa linapoishia, alichora kwa chaki msalaba mdogo, wa kumshukuru Mungu kwamba mkono haukuteleza. Kisha alikata akaacha msalaba ukingoni mwa kitambaa. Kisha makaa. Vipande vilipofika kwenye cherehani yake asubuhi ya pili, msalaba haukuwepo. Alijua Olinga ameupangusa kwa brashi, kwa kuwa alikuwa mtu msafi.

Kukata nje ya duka kulikatazwa. Hata gauni la dada yako hulikati, maana mkono wa mwanafunzi ni wa duka. Zilpa alilitii hilo pia.

Jioni alifagia. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa daima na vipande vyembamba vilivyopinda kama kucha iliyokatwa, vya terilini, vya gabadini, vya sufu. Aliviona ni mabaki ya mikono, ambayo Olinga aliikata mwenyewe, akavisokota bila kuviangalia na kuvijaza kwenye mfuko. Olinga alikuwa na kigoda kigumu, na mgongo ulimsumbua. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka wa sabini na tano, Zilpa alimshonea mto wa kukalia, kitambaa cha nje chekundu, ndani umejaa mabaki hayo. Kila mwisho wa mwezi aliufumua upande mmoja akaongeza mengine, mpaka mto ukawa mnene, na Olinga akawa anakaa juu kama chifu. "Huyu binti yangu," aliwaambia wateja akiupiga mto kwa kiganja, "ananitunza kuliko wale niliozaa."

Kabla yake alikuwepo Ekisa. Walikutana mwaka mmoja tu, Ekisa akimaliza, Zilpa akianza. Ekisa alikwenda Kisumu kufanya mtihani wa serikali wa Gredi Tatu, akaanguka, akarudi kimya, na baadaye akaonekana akivusha chumvi na sabuni kwa baiskeli. "Ana mkono mzito," Olinga alisema. "Nilijaribu, lakini mkono mzito hauna dawa." Ekisa alipopita barabarani na magunia yake, Zilpa alimcheka pamoja na wengine. Mara moja Ekisa alisimama, akamtazama kwa muda mrefu, akaonekana anataka kusema neno. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

Mwaka wa sabini na saba, wazee wa kanisa na wazazi walijenga politekniki ya kijiji karibu na Amagoro: vyumba viwili vya mabati, kimoja cha useremala, kingine cha ushonaji. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Echodu, mstaafu asiyevua kofia. Alifika dukani mwezi wa tisa, akakataa kukaa.

"Tunataka wewe ufundishe wasichana wetu kushona," alimwambia Zilpa mbele ya Olinga. "Thelathini kila mwaka. Kazi iko, nyumba ya mwalimu iko. Lakini wizara inasema mwalimu lazima awe na cheti, Gredi Tatu. Mtihani ni Novemba. Ukipita, Januari unaanza. Usipopita, tumepata mtu mwingine kutoka Kakamega, na hatuwezi kumwambia angoje."

Zilpa aliachia gurudumu la cherehani. Nyumba yake mwenyewe. Aitwe Mwalimu. Wasichana thelathini, na hakuna hata mmoja atakayefagia mwaka mzima kwa kuku. Alimgeukia Olinga, kwa sababu furaha hiyo hakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Olinga alivua miwani akaifuta kwa muda. "Thelathini," alisema. Halafu akatabasamu. "Nenda, binti yangu. Utaliletea duka letu jina."

Mwezi wa kumi, kwa mara ya kwanza, alimfundisha kukata mikono ya koti. Alimchorea kila kitu, taratibu, siku tatu. Zilpa alishika mkono wake kwa mikono miwili akashukuru.

Jumapili kabla ya mtihani alikwenda kuaga nyumbani kwa Olinga. Kuaga nako kuna utaratibu wake: ulikuja na kuku jike, unaondoka kwa jogoo. Fundi akishamla, anakupa lile lililobaki, neno ambalo hakuwa amekwambia, na mkono wake unakuwa wako. Jogoo alikuwa mkubwa, Zilpa alimlea mwenyewe. Walikula pamoja. Olinga alinyonya mifupa mpaka ikawa myeupe, akanawa, akavua utepe wake wa kupimia, ule wa tangu Tororo, akamvalisha Zilpa shingoni.

"Neno lililobaki ni hili," alisema. "Usiogope. Kata kama nilivyokufundisha."

Kisumu walikuwa watahiniwa kumi na wanane katika ukumbi mrefu wenye harufu ya mafuta ya cherehani. Msimamizi alikuwa mama wa makamo, Phelister Owiti, mwenye sauti kavu na viatu visivyolia. Kila mmoja alipewa kitambaa na mwanamume wa kupimwa. Wa Zilpa alikuwa karani mwenye kifua cha inchi thelathini na sita. Zilpa alicheka moyoni, hesabu rahisi: tisa, toa moja, nane. Alichora, akaweka msalaba wake, akakata. Alikuwa wa kwanza kuweka makasi chini, na kwa mazoea akainua kichwa, kana kwamba mtu atamtuma makaa.

Utaratibu wa mtihani ulikuwa hivi: kwanza unashikiza kiwiliwili cha koti kwa uzi, mtu analivaa, msimamizi anakagua, ndipo unaweka mikono. Karani alivaa. Mabega yalikaa vizuri, mgongo ulinyooka, na Zilpa aliona macho ya jirani zake yakilitamani.

"Inua mkono," Phelister alimwambia karani.

Karani aliinua. Koti zima lilipanda naye, likamkaba kwapani, na uzi ukakatika upande wa kushoto kwa sauti iliyosikika ukumbini. "Linabana, mama," alisema karani akikunja uso. "Siwezi hata kujikuna."

Phelister alipima kwa utepe wake mwenyewe. Halafu akauliza polepole, "Umetoka wapi?"

"Malaba."

"Kwa Olinga?"

Zilpa alifurahi kwa nusu dakika. "Unamjua?"

"Simjui. Nawajua wanafunzi wake. Wewe ni wa tatu. Kwanza Ochom, halafu yule kijana Ekisa. Wote kazi safi, mshono mzuri, na wote kwapa liko juu kwa inchi moja. Nani aliwaambia mtoe inchi?"

"Labda nimesahau mimi," Zilpa alisema haraka. "Baba hakosei. Makoti yake yanavaliwa na watu wakubwa."

"Basi makoti yake hayakukatwa hivi." Phelister hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. "Kifua gawa kwa nne. Basi. Hutoi kitu. Kwapa likiwa juu fundi anaweza kulishusha baadaye kwa makasi, dakika moja tu, na hakuna atakayejua. Lakini hapa hakuna wa kukushushia, dada. Mtihani wako umeishia hapo. Rudi mwakani."

Mikono ya koti ilibaki mezani bila kushikizwa. Hakuna aliyeiangalia.

Kwenye basi Zilpa alikaa akimtetea Olinga moyoni. Mzee amechoka. Mzee alijifunza zamani, namba za zamani. Mpaka Bumala alikuwa bado anamtetea. Ilikuwa baada ya hapo, basi lilipopunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe, neno moja la yule mama lilipomrudia: kulishusha kwa makasi, dakika moja tu. Kipande kinachotoka hapo kingekuwa na umbo gani? Chembamba. Kilichopinda. Zilpa aliweka mkono mdomoni.

Alishuka Malaba saa sita mchana siku ya pili. Alikuwa amelala kwa shangazi yake Busia, kama kule kulikuwa kulala. Dukani alimkuta Olinga juu ya kigoda chake, na kando yake mwanamke mgeni aliyekuwa akishona vifungo.

"Umerudi!" Olinga alisema. "Huyu ni Selpha, mama ya watoto wawili, ameanza Jumatatu. Ameleta kuku mzuri. Haya, umepita?"

"Simama, Baba," Zilpa alisema.

"Nini?"

"Simama kidogo."

Alisimama, kwa kuwa Zilpa hakuwahi kumwamuru kitu. Zilpa aliuchukua mto mwekundu, akauweka juu ya meza ya kukatia, akachukua makasi na kuupasua kutoka kona hadi kona. Mabaki yalimwagika mezani, mengine yakaanguka miguuni pao. Alianza kuyanyoosha moja moja. Terilini ya kijivu, upana wa inchi moja, imepinda, na ukingoni msalaba wa chaki. Gabadini ya bluu, msalaba. Sufu nyeusi ya mteja mmoja wa Mbale mwenye malori, msalaba. Chaki ilikuwa imefifia lakini ilionekana. Misalaba yake yote ilikuwa humo, ile aliyodhani imepanguswa kwa brashi. Alikuwa ameifagia kwa mikono yake na kumshonea mwizi mto wa kukalia.

Olinga hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Nani amekuambia?"

Hapo ndipo Zilpa alipolia. Safari yote alikuwa ameweka akiba ya matumaini kidogo kwamba mzee atashangaa, na swali hilo likaimaliza.

"Mwanamke ambaye hanijui. Dakika moja, Baba. Alinipa kwa dakika moja, bila kuku."

"Hii kazi mimi sikupewa," Olinga alisema, na upole wake ulikuwa uleule, ndio uliomchoma Zilpa zaidi. "Niliiba na macho. Yule Mgoa alinituma maji miaka sita. Kila akishika chaki, Olinga, maji! Ungekuwa na macho ungeona."

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Sikuwa naangalia kazi yako kama mwizi."

"Na Ekisa angefungua duka hapo, ng'ambo ya barabara! Wateja si ni hawahawa?"

"Mimi nilikuwa naenda Amagoro kufundisha."

"Thelathini!" Sauti ya Olinga ilipanda kwa mara ya kwanza. "Kila mwaka thelathini, Zilpa! Miaka mitatu, kila nyumba ina fundi wa koti. Mimi nitakula nini? Wewe mwenyewe ungekula nini?" Kisha akashuka tena, akanyoosha mkono kumgusa bega. "Ningekuambia, binti yangu. Siku ya kuaga ningekuambia. Ndivyo ilivyo desturi."

Zilpa alirudi nyuma hatua moja. "Niliaga," alisema. "Nilileta jogoo. Ulimla, Baba. Nilikuwa nimekaa mbele yako nikikuangalia, ukamla mpaka mifupa, ukanivalisha utepe wako, ukaniambia nikate kama ulivyonifundisha."

Olinga alirudisha mkono wake. Aligeuka upande, akaona Selpha ameacha vifungo na anawatazama, sindano hewani.

"Selpha," alisema, "makaa inaisha. Nenda letea mimi karai moja."

Selpha aliinuka mara moja, kama mtu mpya kazini anavyoinuka.

"Usiende," Zilpa alisema. "Funua hiyo pasi kwanza."

Selpha aliwaangalia wote wawili, akafunua kifuniko kwa pembe ya leso. Makaa yalikuwa yamejaa hadi juu, mekundu. Zilpa naye aliinama kuyaona. Safari zote zile za stesheni zilikuwa humo ndani.

Alivua utepe wa Tororo akamvalisha Selpha shingoni. Alichukua chaki, akasukuma mabaki pembeni, akachora juu ya meza yenyewe, kwenye mbao, ili isipanguswe kirahisi. "Dada, tazama. Unapima kifua. Unagawa kwa nne. Hutoi kitu. Kwapa linaishia hapa. Akikuambia utoe inchi, mwambie Zilpa amesema hutoi. Na ukitaka kuandika, andika."

"Zilpa," Olinga alisema, "usinifanyie hivi kwangu."

Zilpa aliweka chaki mezani. Nje lori lilipiga honi. Januari mtu wa Kakamega angeingia kwenye nyumba ya mwalimu, na wasichana thelathini wangemwamkia yeye, na mtihani mwingine ulikuwa mwaka mzima mbele. Hayo alishayajua kwenye basi, na yalikuwa na maumivu yake, lakini yalikuwa maumivu yenye mwisho. Alifunga leso na kuchukua mfuko wake.

Selpha alikuwa bado ameinamia mchoro, akiufuata kwa kidole, midomo ikihesabu. Alikuwa mwepesi, ilionekana wazi. Aliinua uso.

"Nimeelewa hapo," alisema. "Na mikono, dada? Mikono ya koti inakatwaje?"

Zilpa alifungua mdomo amjibu. Jibu alikuwa nalo, lote, namba kwa namba, siku tatu za mwezi wa kumi, alipofundishwa taratibu na kushukuru kwa mikono miwili. Lakini Kisumu hakuna aliyeikagua mikono ile, aseme kama namba hizo nazo zilikuwa za kweli. Alimtazama Olinga. Olinga alikuwa anatazama sakafu.

"Sijui," Zilpa alisema.